Kutibu Akili Palepale Panapopimwa Presha: Mwongozo kwa Zahanati za Mitaa ya Mombasa

Huu ni mwongozo wa muuguzi, afisa wa kliniki au msimamizi wa afya ya jamii anayefanya kazi kwenye zahanati ndogo ya mtaa, ile yenye vyumba vitatu na foleni inayofika nje chini ya mwarobaini. Unamfaa pia mwanakamati wa zahanati mwenye uchungu na mtaa wake. Nimeifanya kazi hii ng'ambo ya Likoni. Nitakayoeleza ni yale tuliyoyajaribu wenyewe, pamoja na yaliyothibitishwa kwingine tukayachukua.

Tuanze na njia, maana njia ndiyo inayoamua nani atatibiwa. Mtu wa Shika Adabu, huku Likoni, akiandikiwa barua ya kwenda kitengo cha akili cha hospitali ya Port Reitz, apande matatu mpaka feri, avuke kwa miguu, atafute matatu ya Changamwe, na pengine amalizie kwa bodaboda. Kuvuka ni bure kwa anayetembea, lakini hayo mengine ni pesa, tena ya watu wawili, kwa sababu anayesikia sauti au ambaye hajalala siku nne hawezi kwenda peke yake. Anayemsindikiza naye anapoteza kibarua cha siku nzima. Mwezi wa kwanza watajikaza, wa pili watakopa. Ikifika wa tatu, dawa imekwisha na wamenyamaza.

Kwa hiyo usingoje jengo jipya wala daktari wa akili wa kwako mwenyewe. Weka huduma ya akili na ya uraibu juu ya huduma iliyopo, chumba kilekile, siku ileile, na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kujua nani hajarudi. Mengine yote hapa chini yanaitumikia kauli hiyo.

Ukiulizwa unafanya kwa ruhusa ya nani, majibu yapo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa 2022, imeitwika serikali ya kaunti jukumu la kuipeleka huduma hii mpaka ngazi ya jamii. Hata hivyo nenda kwa afisa wa afya wa kaunti ndogo yako kabla hujaanza, umweleze ana kwa ana. Ukimpita, siku dawa zikikosekana hutakuwa na wa kukusemea.

Hatua ya kwanza: lisome daftari lako mwenyewe

Chukua daftari la wagonjwa wa nje la miezi mitatu iliyopita na penseli. Tia alama kwa kila jina lililorudi mara tatu au zaidi kwa kuumwa kichwa, mwili kuchoka, kifua kubana, moyo kwenda mbio, tumbo lisiloeleweka au kukosa usingizi, hasa pale kipimo cha malaria kilipoonyesha hana. Tia alama nyingine kwa wenye kifafa, nyingine kwa wenye presha au sukari ambao hawamezi dawa sawasawa, na nyingine kwa majipu ya mikono na mapaja ya vijana, maana mengi ya hayo ni ya sindano za dawa za kulevya.

Tulipolifanya zoezi hili kwetu, jina la mama mmoja lilitokea mara saba. Kichwa, kichwa, mgongo, kichwa, "mwili wote", tumbo, kichwa. Kila mara paracetamol, mara mbili antibayotiki. Mistari miwili kati ya ile saba ilikuwa mwandiko wangu. Alipoulizwa hatimaye, kwa utulivu, ilibainika mumewe alikwenda Saudia kutafuta kazi na simu zake zilikoma miezi minane nyuma. Hakuwa ameficha chochote. Hatukumuuliza.

Hesabu utakayoipata ndiyo ombi lako kwa kaunti. Usiende na maneno ya "hali ni mbaya". Nenda na majina mangapi, mara ngapi, na dawa ngapi zilizotolewa bure bila faida.

Hatua ya pili: mteue mshika daftari

Mpango unaofanya kazi una watu watatu. Wa kwanza ni anayetibu, yaani muuguzi au afisa wa kliniki wa zahanati. Wa pili ni mtaalamu wa mbali, daktari au muuguzi wa akili wa Port Reitz au Makadara, ambaye unakubaliana naye siku na saa ya kumpigia simu kila wiki. Wa tatu, aliye muhimu kuliko wote na anayesahaulika kuliko wote, ni mshika daftari. Yeye anayo orodha ya kila mgonjwa wa akili na wa uraibu, anajua tarehe ya kila mmoja kurudi, na anapiga simu au kumtuma mtu tarehe ikipita.

Mpango wa namna hii ulipimwa Marekani kwa wazee 1,801 wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, waliokuwa wakitibiwa katika kliniki 18 za kawaida, na matokeo yakachapishwa 2002. Baada ya mwaka mmoja, dalili zilikuwa zimepungua kwa nusu au zaidi kwa asilimia 45 ya waliofuatiliwa hivyo, dhidi ya asilimia 19 ya waliopata huduma ya kawaida. Dawa zenyewe zilikuwa zinapatikana pande zote mbili. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba kuna mtu aliyeuliza, "mbona hukuja?"

Si lazima mshika daftari awe na shahada. Kwetu ni dada wa mapokezi aliyefunzwa, anayejua mtaa na mwenye siri. Siri ndiyo sifa ya kwanza. Mitaa yetu imebanana. Likisemwa neno Bofu asubuhi, jioni limefika Mtongwe. Daftari lenyewe lifungiwe kabatini, na juu yake lisiandikwe "akili". Letu limeandikwa "Kurudi".

Hatua ya tatu: jifunze kuuliza

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole, kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Chombo cha kuanzia ni maswali mawili, na yanaulizwa palepale panapopimwa presha na uzani. Kwa wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia mnyonge, umevunjika moyo, au umekosa tumaini? Kila swali lina alama 0 mpaka 3: hata siku moja, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, karibu kila siku. Jumla ikifika 3, mgonjwa aingie chumbani aulizwe yale maswali tisa kamili, ambayo jumla yake ni 27. Kuanzia 10 kwenda juu ni jambo la kushughulikiwa leo, si la kuahirisha.

Lakini maswali yakisomwa kama fomu ya polisi, watu wote wa Likoni watakuwa wazima. Neno "mgonjwa wa akili" kwetu linamwita mtu anayezunguka Mwembe Tayari bila nguo. Hakuna atakayelikubali kwa nafsi yake. Watu husema wana mawazo, moyo mzito, roho imechoka, hawana raha, kifua kimewabana, kichwa kinawaka moto, au wamechezewa. Andika maneno hayohayo unayoyasikia, kisha uliza kwayo. Zimbabwe walipoanza kazi kama hii Harare, waliliacha neno la kitabu wakatumia la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi tunalo letu tayari: mawazo.

Siku moja nilimsikiliza mwenzangu, mtu wa Mji wa Kale, akimpima presha bibi wa miaka sabini hivi.

"Bibi, usiku walala?"

"Nalala, mwanangu."

Mimi ningeandika "analala vizuri" nikaita anayefuata. Yeye akaendelea kuifunga ile kanda ya mkono taratibu.

"Na usingizi, waja?"

"Ah. Usingizi wenyewe ndio hauji. Nalala nahesabu makuti mpaka adhana ya alfajiri."

Bibi yule alikuwa akijilaza kila siku saa tatu. Kulala na kupata usingizi ni mambo mawili, na Kiswahili kinajua hivyo. Muulizaji naye ajue. Vilevile na chakula: usiulize "unakula?", uliza "chakula kina ladha?" Na kwa mama aliyejifungua karibuni, uliza mkwe akiwa nje. Mtume achukue kadi, mpe kazi yoyote, lakini mpate mama peke yake kwa dakika tano.

Kisha lile swali gumu. Swali la tisa linahusu mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru, na wauguzi wengi hulipita wakiogopa kumtia mtu wazo. Halitiwi kwa kuulizwa. Anayelibeba peke yake hupata nafuu kwa kuulizwa. Sema wazi, kwa sauti ya kawaida: "Mawazo yakizidi hivi, kuna wakati mtu huona bora asiwepo. Wewe imekufika hapo?" Akisema ndiyo, uliza kama amefikiria namna gani, na kama kitu hicho kipo nyumbani. Usimwache peke yake. Pata mtu wa familia anayemwamini, mkubaliane kuondoa dawa, sumu ya panya na chochote alichokitaja, mpigie mtaalamu wako palepale, na umwone tena kesho yake. Mwenye mpango tayari apelekwe hospitali siku hiyohiyo akiwa na mtu. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure na inatoa msaada wa ushauri. Iandike ukutani kwa herufi kubwa.

Familia nyingi huficha kwa hofu ya polisi. Waambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kifungu cha 226 cha kanuni za adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, ni kinyume cha Katiba. Nimeona mabega ya baba mmoja yakishuka aliposikia hivyo.

Hatua ya nne: mazungumzo yanayotibu, na mahali pa kuyafanyia

Wengi watakaopata alama za katikati hawahitaji kidonge kwanza. Wanahitaji mtu aliyefunzwa wa kukaa naye mara nne, tano, sita, saa moja hivi kila mara. Kule Harare kazi hii hufanywa na kina bibi wa mtaa waliofunzwa, wakikaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha wagonjwa wao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nairobi nako, Shirika la Afya Duniani lilipima mpango wake wa vikao vitano kwa wanawake waliopitia ukatili, ukiongozwa na wahudumu wa jamii wasio wataalamu, nao ukasaidia.

Kikao chenyewe ni rahisi kueleza, kigumu kukifanya bila kuhubiri. Mgonjwa ataje matatizo yote yanayomkalia. Achague moja tu, lile linaloweza kusogea. Mtafute pamoja njia kadhaa za kulikabili, yeye achague moja, apange lini na vipi, ajaribu wiki hiyo, arudi muulizane ilikwendaje. Yule mama wa mistari saba alikuwa na matatizo sita kwenye karatasi: mume, kodi, karo, mkwe, usingizi, aibu. Msaidizi wetu alitamani kuanza na mume. Mama akachagua kodi. Wiki ile alikwenda kwa mwenye nyumba na dadake, wakakubaliana alipe kwa nusu nusu. Mume hakurudi, lakini usingizi ulianza kurudi wiki ya tatu. Yule msaidizi angeng'ang'ania tatizo analoliona yeye kuwa kubwa, wangekwama.

Wa kufunzwa ni wahamasishaji wa afya ya jamii. Kenya ilizindua jeshi lao la watu laki moja Septemba 2023. Kila mmoja anahudumia nyumba kama 100, na kitengo kimoja cha jamii kinabeba watu kama 5,000. Usiwafunze wote kwa mpigo. Chagua wawili au watatu ambao watu tayari huwaendea na shida zao, wafunze vizuri, na wasikilize wakifanya kazi mara kwa mara. Anayependa kutoa mawaidha muache aendelee na chanjo. Kazi hiyo ina heshima yake.

Kuhusu benchi, nina shaka. Sisi tuna baraza, na baraza ni mahali pa wazi, pa wanaume na kahawa, kila apitaye asalimie. Mwanamke hatalia barazani. Wanawake wetu huongea uani, wakichambua mchicha au wakikuna nazi, na huko ndiko tulikohamishia vikao: uani kwa mama mmoja jirani na zahanati, kwa ridhaa yake, saa nne asubuhi wakati wanaume hawapo. Kwa vijana wa kiume ilikuwa kinyume. Walikataa kuketi ndani, wakakubali kutembea ufukweni wakizungumza. Waulize wenyewe kabla hujanunua samani.

Hatua ya tano: dawa chache, zisizokatika

Huhitaji duka zima. Kwa zahanati, orodha fupi inatosha: fluoxetine na amitriptyline kwa sonona, haloperidol na sindano ya mwezi ya fluphenazine kwa waliokwisha kuanzishwa na mtaalamu, carbamazepine na phenobarbitone kwa kifafa. Anayeandika awe amepitia mafunzo ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uitwao mhGAP, uliotungwa kwa ajili ya wahudumu wasio wataalamu wa magonjwa ya akili.

Mambo matatu humfanya mgonjwa aache. Kwanza, haambiwi kwamba fluoxetine huchukua wiki mbili mpaka nne, hata sita, kabla nafuu haijaonekana, ilhali kichefuchefu huja siku ya pili. Mwambie kabla. Pili, akipata nafuu anaona amepona. Mweleze kwamba ataendelea kwa miezi, kama anavyoendelea mwenye presha. Tatu, dawa zinakwisha zahanati. Weka kiwango cha chini kwenye kadi ya stoo, na agiza kinapoguswa, si rafu inapobaki tupu. Mwenye kifafa akikatiwa dawa ghafla anaweza kuanguka mfululizo mpaka afe. Kuishiwa phenobarbitone ni dharura, na uitangaze hivyo kwa kaunti.

Tahadhari moja ya lazima: amitriptyline nyingi kwa mara moja huua. Anayewaza kujidhuru asipewe ya mwezi. Apewe ya wiki, na dada au mama yake ndiye azishike.

Na Ramadhani. Kila mwaka wagonjwa wetu huanguka mwezi huo kwa sababu hakuna aliyepanga nao. Wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, mshika daftari awaite wote wanaofunga. Dawa ya mara moja kwa siku, kama fluoxetine, ihamie daku. Ya usiku, kama amitriptyline, baada ya futari. Carbamazepine ya mara mbili igawanywe futari na daku. Anayetumia lithium asifunge kabla hajaonana na daktari, kwa maana kukosa maji humpandishia dawa mwilini mpaka kuwa sumu. Maalim wa mtaa akisimama nawe kusema mgonjwa ana ruhusa ya kula, neno lake litafika pale ambapo lako halifiki.

Hatua ya sita: keti na maalim, mchungaji na mganga

Wagonjwa wengi wamepita kwa maalim au kwa mganga kabla ya kukufikia, na wataendelea kwenda. Ukimwambia mtu achague, atachagua huko, na utampoteza. Sisi tulikwenda na soda na mahamri, tukaketi, tukasikiliza kwanza.

Tulikubaliana hivi. Kombe na visomo viendelee kwa anayetaka, na kidonge kiendelee pia. Hakuna kufunga mtu kwa mnyororo au kamba. Hakuna kumnyima mgonjwa chakula au maji. Na dalili nne humleta kwetu upesi: anayeanguka na kutoa povu, anayekataa kula kabisa, anayezungumza habari za kufa, na mzazi aliyejifungua akaanza kuona au kusikia visivyokuwepo. Nasi kwa upande wetu hatumcheki mtu aliyevaa hirizi, wala hatumwambii aivue. Tangu makubaliano hayo, maalim mmoja ndiye ametuletea wagonjwa wengi wa kifafa kuliko mtu mwingine yeyote mtaani.

Hatua ya saba: waraibu waingie mlango uleule

Heroini imekuwepo pwani yetu kwa miongo mingi, na juu yake kuna bugizi (vidonge vya kulevya), pombe, mnazi na muguka. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Shariff Nassir alipiga marufuku muguka Mombasa, na korti ikasimamisha amri hiyo muda si mrefu. Nawaelewa wazazi walioshangilia. Lakini amri haimtoi mtu kwenye uraibu. Kijana aliyezoea anahitaji mahali pa kwenda Jumatatu asubuhi, na mahali hapo panaweza kuwa kwako.

Anza na ulimi. Neno "teja" lisitamkwe ndani ya zahanati, si mbele yake wala nyuma yake. Kisha mlango: mara nyingi anakuja akiwa na arosto, anatetemeka, anahara, mwili unamuuma mpaka kwenye mifupa, na hana subira ya foleni ya saa tatu. Mtazame mapema. Hatukumpendelea kwa kufanya hivyo. Tuliona kwamba akiondoka hatarudi mpaka aletwe.

Mtibu kilichomleta, jipu au kikohozi. Mpime kifua kikuu, na pia virusi vya Ukimwi na homa ya ini, kwa kuwa sindano za kushirikiana hubeba hayo mawili ya mwisho. Halafu ndipo uzungumze habari za methadoni. Kenya ilianza kuitoa Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na hapa Mombasa ipo kliniki Kisauni. Ni dawa ya kunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Inaondoa arosto bila kumlevya aliyepimiwa sawasawa, na inamwezesha kufanya kazi. Mweleze pia ugumu wake bila kumficha: kila siku ni kila siku, na akikosa siku tatu mfululizo lazima apimwe upya kabla ya kupewa, maana kipimo kilekile kinaweza kumdhuru. Kwa mtu wa Mishomoroni hiyo ni safari ya karibu. Kwa wa ng'ambo yetu ni feri alfajiri kila siku ya Mungu, na hapo ndipo nauli inapomwangusha aliyekwisha kuamua. Wenyeji wa kazi hii, mashirika ya MEWA na Reachout, wanao wahudumu ambao wenyewe waliwahi kutumia. Waombe wakupeleke maskani mkajulikane kabla hujangoja vijana waje kwako. Wazazi wasiojua pa kuanzia waelekeze nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni ya bure.

Ukipata naloxone, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, jifunze kuitumia na iwe mahali pa kufikiwa haraka. Aliyezidisha heroini hulala kama mtu mwenye usingizi mzito, akikoroma kidogo, midomo ikigeuka rangi, mboni zikiwa ndogo kama ncha ya sindano. Mpe pumzi, mpe naloxone, mlaze ubavu, na usimwache hata akiamka, kwa kuwa naloxone huenda ikaisha nguvu kabla ya heroini.

Hatua ya nane: asitumwe, apelekwe

Barua ya rufaa mkononi mwa mtu mwenye sonona kali haifiki popote. Piga simu kwanza, upate jina la atakayempokea na siku. Mtafutie msindikizaji, jamaa au mhamasishaji. Siku ya miadi mshika daftari apige simu saa nane mchana kujua kama walifika. Na muhimu kuliko yote, mwombe mtaalamu akuandikie mpango wa kurudi: dawa gani, kiasi gani, lini aonekane tena. Mgonjwa akitulia, amalizie matibabu kwako, afike Port Reitz mara chache tu kwa mwaka.

Nauli ya hao wasindikizaji iingizwe kwenye bajeti ya kamati ya zahanati, waziwazi, kwa jina lake. Tulipoiacha iwe sadaka ya wafanyakazi, ilidumu miezi miwili.

Upande wa mgonjwa, hakikisha kila mmoja na watu wake wamesajiliwa kwa *147# katika SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Akisajiliwa tu, huduma ya ngazi ya pili na ya tatu, yaani zahanati na kituo cha afya, inalipwa na mfuko wa afya ya msingi. Kulazwa hospitali kubwa ni habari nyingine: huko lazima michango iwe imelipwa, na kwa asiye na ajira rasmi kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, zinazodaiwa kwa mwaka, yaani 3,600. Pesa hiyo kwa mara moja haipatikani kwa mwosha vyombo. Tulichofanya ni kukiomba chama cha kina mama kiifanye kuwa mzunguko mmoja: kila mwezi mama mmoja analipiwa yake.

Ijumaa saa nane na nusu

Watu wakisharudi kutoka swala, na foleni imepungua, watatu nyinyi mketi na daftari la "Kurudi" kwa saa moja. Mtaalamu awe kwenye simu. Soma jina kwa jina, ukianza na ambao hawakuja, kisha ambao alama zao hazijashuka kwa wiki sita, kisha wapya. Kwa kila jina kiandikwe kitendo kimoja na jina la atakayekifanya. Waliopata nafuu wasome mwisho, lakini wasome, kwa sauti; mhudumu aliyechoka anahitaji kuyasikia majina hayo. Mkimaliza, muulizane nyinyi wenyewe mnalalaje.

Ukianza mwezi huu, anza na Ijumaa hiyo hata kama daftari lina majina manne. Jumatatu, mhamasishaji apite nyumbani kwa yule wa kwanza aliyekosa kuja, abishe hodi, asalimie, aulize habari za watoto, na aketi kidogo kabla ya kutaja dawa.